Tope la Pasaka ya 1966

Pasaka ya mwaka 1966 iliangukia tarehe 10 Aprili, masika yakiwa yamekolea. Mashindano ya magari ya East African Safari yalipomalizika Nairobi mwishoni mwa sikukuu hiyo, magari yaliyofika yalikuwa tisa, udongo umeyapanda hadi kwenye paa. Yaliyoondoka yalikuwa themanini na manane. Mbele ya wote kwa hesabu ya alama ilikuwa Peugeot 404 ya Bert Shankland, Mskoti mwenye maskani Dar es Salaam, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell. Tangu uhuru hapajatokea dereva mwingine mkazi wa Tanzania aliyeshinda mashindano hayo.

Mvua ile ile ilikuwa inanyesha pia kusini. Katika barabara inayotoka Morogoro, ikapanda Kitonga, ikapita Iringa, Makambako, Chimala na Mbeya hadi mpakani Tunduma, malori yaliyojaa mapipa ya petroli yalikuwa yanahangaika na tope bila kituo cha saa, bila waandishi wa habari na bila kikombe. Madereva wake nao walikuwa wanashindana na muda, tena kwa jambo kubwa kuliko kikombe: nchi jirani ilikuwa inaishiwa mafuta. Jina la Shankland liko katika kila orodha ya washindi wa Safari. La yeyote kati ya hao wengine ni vigumu kulikuta limechapishwa mahali. Nawaweka katika historia moja kwa sababu kazi waliyoifanya, ukiondoa nembo na picha, ilikuwa kazi moja.

Tuanze na hao wenye kikombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Wazungu wa Kenya waliopenda mbio za magari walikuwa na uwanja wao Langa Langa, karibu na Gilgil. Mmoja wao, Eric Cecil, alialikwa kushindana huko akakataa. Kuzunguka na kuzunguka mahali pamoja, alisema, kulimchosha hata kukufikiria. Kama wanataka mashindano, basi waende safari ya kweli, watoke mjini, wavuke mito na mipaka, warudi. Yeye na binamu yake Neil Vincent walilishika wazo hilo. Mwaka 1953 Uingereza ilikuwa inamtawaza Malkia Elizabeth II, na makoloni yalitafuta namna ya kusherehekea. Kati ya tarehe 27 Mei na 1 Juni mwaka huo magari yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa jina la Coronation Safari, ambalo baadaye likawa East African Safari.

Sharti lililoyapa mashindano hayo sura yake lilikuwa la kiduka hasa. Gari lilipaswa kuwa kama lilivyouzwa. Madaraja hayakupangwa kwa ukubwa wa injini, yalipangwa kwa bei ya gari dukani, ili mwenye gari la bei nafuu ashindane na mwenzake wa bei nafuu. Mwenye Volkswagen ya kupelekea watoto shule aliweza kuifunga koleo na jeki ya ziada akaingia barabarani siku ya sikukuu. Na Volkswagen hizo zilishinda: Alan Dix alikuwa na alama chache za adhabu kuliko wote mwaka huo wa kwanza akiendesha moja, na Vic Preston akashinda na nyingine mwaka 1954.

Marekani ilikuwa imetangulia kidogo katika wazo hili. Bill France alianzisha chama cha NASCAR mwaka 1948, na tarehe 19 Juni 1949 huko Charlotte wakafanya mbio za kwanza za magari yasiyobadilishwa kitu. Glenn Dunaway alifika wa kwanza, lakini wakaguzi walipoinama chini ya gari wakakuta springi zimeongezwa ugumu, kwa kuwa lilikuwa gari la kubebea pombe ya magendo. Ushindi akapewa Jim Roper. Huko ndiko ilikoanzia kazi ya maisha ya mamia ya madereva wa Kimarekani, watu waliolipwa kwa kuzunguka uwanja wa mviringo Jumapili hadi Jumapili. Afrika Mashariki haikufuata njia hiyo. Hapa dereva alibaki mkulima, mwenye gereji au muuza magari, akaomba likizo ya Pasaka, na uwanja wake ukawa barabara ileile ambayo Jumanne angeirudia kwenda kazini.

Barabara hazikufungwa. Dereva wa Safari alikutana na basi la abiria kwenye kona, ng'ombe kwenye daraja, na harusi kijijini. Alipewa kadi ya muda, na katika kila kituo saa iligongwa. Dakika moja ya kuchelewa ilikuwa alama moja ya adhabu, na mwenye alama chache ndiye mshindi. Jumla ya mwendo ilifika kama kilomita 5,000 kwa siku nne hivi, usiku na mchana. Nafasi ya kuondoka ilipatikana kwa kura katika miaka hiyo, na kura iliweza kukujenga au kukubomoa: ukiwa mbele unaikuta barabara kabla haijachimbwa na wenzako, ukiwa nyuma unaikuta imegeuka shamba la mpunga.

Kilichowashinda wageni kutoka Ulaya kilikuwa tope. Walikuja na viwanda vyao nyuma yao, mafundi na vipuri kwa masanduku, na mwaka baada ya mwaka wakaondoka mikono mitupu. Erik Carlsson wa Sweden, bingwa aliyeogopwa huko kwao, aliwahi kukwama na Saab yake mwaka 1964 akaamua kuibiringisha ubavuni hadi itoke kwenye dimbwi. Waandishi hawakumwamini, kwa hiyo akaibiringisha tena mbele yao. Mwaka huo alimaliza wa pili. Hakuna mgeni aliyeshinda hadi Hannu Mikkola wa Finland alipofanya hivyo mwaka 1972, na magari yalianzia Dar es Salaam safari hiyo.

Wenyeji wa vijijini waliyajua mashindano haya kwa mabega. Gari likizama, watu walitoka mashambani wakasukuma, wakalipwa, wakasubiri lingine. Kulikuwa na porojo kwamba dimbwi fulani limemwagiwa maji usiku ili biashara isikauke. Mimi sioni ajabu. Mvua ilikuwa ya Mungu, lakini bega lilikuwa la mtu, na mtu huyo alikuwa anamsukuma tajiri anayecheza.

Na tusifiche hili: orodha za madereva wa miaka hiyo zina majina ya Kizungu na ya Kihindi. Mwafrika alikuwa fundi, mlinzi, msukumaji na mtazamaji. Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikuwa amelivunja boma kwa upande wake. Huyu alikulia katika gereji ya baba yake, akafanya kazi ya kuzunguka barabarani kuwaokoa wenye magari yaliyoharibika, kisha mwaka 1965 akachukua Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, akapangiwa namba moja, akashinda pamoja na ndugu yake Jaswant. Angeshinda tena mwaka 1974 na 1976 na Mitsubishi. Katika Safari ishirini na mbili alizoshiriki, kumi na tisa alizimaliza, na nadhani hesabu hiyo inaeleza ufundi wake kuliko vikombe vitatu. Mwafrika mweusi anayepigania nafasi za mbele alikuja kuzoeleka baadaye sana, kama Patrick Njiru wa Kenya na Subaru yake katika miaka ya 1990.

Shankland alifuata mara tu baada ya ushindi wa kwanza wa Joginder. Alikuwa mtu wa biashara ya magari, na Peugeot yake iliandaliwa na Tanganyika Motors, mawakala wa Peugeot Dar es Salaam. Hilo si jambo dogo. Gari la Safari lilishindwa au kushinda gerejini, wiki kadhaa kabla ya bendera kuangushwa: fundi aliyejua bolti ipi hulegea baada ya kilomita 500 za makorongo, na springi ipi hukatika kwanza, alikuwa amekwisha kumpa dereva nusu saa ya akiba. Maarifa hayo hayakutoka Ufaransa. Yalitoka kwa wateja, yaani kwa magari yaliyorudi yamevunjika kutoka mikoani, Iringa na Mbeya zikiwemo.

Peugeot 404 yenyewe ilitoka mwaka 1960, mwili wake umechorwa na Pininfarina wa Italia. Injini ya sentimita za ujazo 1,618 ililazwa upande ili boneti iwe chini. Toleo alilotumia Shankland liliinyunyizia injini petroli kwa pampu badala ya kabureta, kwa hiyo lilikuwa na nguvu zaidi bila kuwa gari la ajabu. Lilikuwa gari la familia, refu tumboni, laini kwenye mashimo, na halikuwa na haraka ya kufa. Nick Nowicki alikuwa amekwisha kushinda na aina hiyo mwaka 1963, mwaka ambao magari saba tu kati ya themanini na manne yalimaliza. Kwa hiyo Pasaka ya 1966 Shankland hakuwa anabahatisha. Alijua kwamba mvua ikishika, mshindi hatakuwa mwenye mbio kuliko wote. Atakuwa yule ambaye gari lake bado lina magurudumu manne siku ya mwisho.

Njia ya mashindano ilichorwa upya kila mwaka, lakini makao yake yalikuwa Nairobi, na upande wa Tanzania ulijulikana zaidi kwa Mbulu na Usambara. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na mashindano yao.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi wa Rhodesia. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu na siku chache tangu ijitawale, ilikuwa inapata karibu kila kitu kupitia huko: reli, makaa ya mawe, na petroli iliyotoka bandari ya Beira na kusafishwa upande wa Rhodesia. Vikwazo vya mafuta vilipowekwa Desemba, Smith aliwakatia Wazambia. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zikaanza kubeba mapipa kwenda Lusaka, Ndola na Elisabethville ng'ambo ya mpaka wa Kongo, na ndege hula mafuta mengi ili kupeleka machache. Marais wa Tanzania na Zambia, Nyerere na Kaunda, walijua kwamba njia ya kweli ni ya ardhini, kutoka bandari ya Dar es Salaam. Na barabara iliyokuwepo ilikuwa ile ya kaskazini-kusini iliyorithiwa kwa mkoloni, Great North Road, inayoshuka kutoka Arusha kupitia Dodoma hadi Iringa, Mbeya na Tunduma, pamoja na kipande cha kuiunga kutoka Morogoro kupitia Mikumi.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni kama kilomita 930. Nje ya Morogoro barabara ilikuwa ya udongo na changarawe. Msimu wa mvua Nyanda za Juu Kusini ni mmoja tu, lakini ni mrefu: huanza Novemba au Desemba, haukatiki kwa uhakika hadi Aprili au Mei. Yaani petroli ilianza kuhitajika mwezi uleule ambao barabara ilianza kulainika.

Anayeijua njia hii leo kwa basi la kiyoyozi ajaribu kuitandua lami kichwani. Ukitoka Mikumi unaingia bonde la Ruaha, joto, mibuyu, kisha mlima unakuja. Kitonga hupanda kwa kona zilizobanwa kati ya mwamba na korongo, na lori lenye tela likiwa na tani zake haliwezi kurudi nyuma likishaanza. Juu ni Ilula, halafu Iringa, kama mita 1,600 juu ya bahari. Baada ya hapo Mafinga, ambako ukungu na baridi hushuka barabarani asubuhi, na Makambako yenye upepo. Kutoka Makambako barabara huporomoka hadi uwanda wa Usangu, Igawa na Chimala, ambako udongo wake ukilowa hukamata tairi na haulirudishi kwa hiari. Kisha kupanda tena, Igurusi, Inyala, Mlima Nyoka, Uyole, ndipo Mbeya. Na hapo dereva alikuwa bado na Mbalizi, Vwawa na Tunduma mbele yake, kabla ya kuianza Zambia.

Pipa moja lilikuwa la galoni 44, karibu lita 200. Yalipangwa wima, yakafungwa kwa kamba na minyororo, na kila kona mzigo ulihama kidogo. Katika mteremko dereva alishuka kwa gia ileile ambayo angepandia, kwa sababu breki zikipata moto kwenye Kitonga hakuna cha kuongea nazo. Katika tope alichagua njia ya matairi mapema, kabla ya kulifikia dimbwi, akaishika bila kugusa breki wala kukata mafuta. Akisita katikati amekwisha. Utingo alitembea mbele na fimbo kupima kina. Kila kitu hapa angekielewa Shankland bila mkalimani. Ndivyo na yeye alivyopita, ila yeye alikuwa na gari la tani moja na ushei na nyuma yake hakukuwa na kitu cha kulipuka zaidi ya tangi lake mwenyewe.

Walioshika usukani walikuwa mchanganyiko ambao Safari haikuwahi kuuona: Waafrika wa mikoa yote, Wasomali, Wahindi wenye malori yao wenyewe, na Wataliano. Walipakia petroli kwenda, wakarudi na shaba. Mapande ya shaba ni mazito na hayachukui nafasi, hivyo lori lililoonekana tupu lilikuwa limejaa kupita kiasi. Mizoga ya magari ilibaki kando ya barabara miezi na miezi. Njia hiyo ilipewa jina la Kiingereza la Hell Run, mbio za jehanamu, na jina likashika.

Mwaka 1966 serikali mbili ziliunda Zambia-Tanzania Road Services, zikishirikiana na kampuni ya Kitaliano ya Intersomer, na mamia ya malori ya Fiat yenye matela yakaingia barabarani. Hapo kazi ikapata sare, mshahara wa mwezi na karakana. Kwa kijana wa Njombe au Rungwe aliyekuwa akitazamia mashamba ya chai au migodi ya kusini, leseni ya lori kubwa ikawa mlango. Nina hakika ushawishi wa malori hayo juu ya miji ya njiani, hasa Makambako na Tunduma, ulikuwa mkubwa kuliko wa mashindano yoyote ya michezo. Vibanda vya chakula, gereji, nyumba za kulala wageni, watoto wenye majina ya mikoa ya mbali: vilikuja na dereva.

Pasaka iliyofuata, ile ya tarehe 26 Machi 1967, Shankland na Rothwell walishinda tena, Peugeot 404 tena. Safari hiyo barabara zilikuwa kavu zaidi na magari mengi yalimaliza, na hapo wale waliodai kuwa mwaka uliotangulia alibebwa na mvua wakanyamaza. Kushinda katika tope na kushinda katika vumbi ni mitihani miwili. Wa kwanza hupima uvumilivu wa dereva. Wa pili humnyima kisingizio, kwani kila mtu anaweza kukimbia, na gari la familia la Dar es Salaam lilipaswa kukimbia nao.

Ila Tanzania aliyoirudia na kikombe ilikuwa imebadilika. Wiki saba kabla, tarehe 5 Februari 1967, TANU ilikuwa imetoa Azimio la Arusha. Benki zilitaifishwa ndani ya siku chache, na kiongozi akakatazwa kuwa na nyumba za kupangisha na hisa. Gari la fahari likawa jambo la kuulizwa. Neno "wabenzi", la kuwasema vigogo wenye Mercedes-Benz, lilikuwa tayari mitaani. Mchezo wa kuendesha gari la mtu binafsi kilomita 5,000 kwa raha haukukaa vizuri katika hewa hiyo, na sidhani kama Azimio lilikosea kuutilia shaka. Lakini haukupigwa marufuku. Serikali iliyouza ujamaa kijijini ndiyo iliyokubali mwaka 1972 Safari ianzie Dar es Salaam. Magari yalileta wageni na picha za nchi, na waziri yeyote alipenda kuangusha bendera.

Mwaka 1968 Nowicki alilichukua tena taji na 404. Mvua ilirudi kwa kisasi. Yaliyomaliza yalikuwa saba kati ya tisini na matatu. Shankland hakupata ushindi wa tatu. Matokeo yake bora ya baadaye yalikuwa mwaka 1971, aliposhika nafasi ya tatu na Peugeot 504, msoma ramani akiwa Chris Bates, nyuma ya Datsun 240Z mbili za Edgar Herrmann na Shekhar Mehta. Hiyo 240Z ilikuwa gari la michezo, la milango miwili, chini kama meza. Mtu wa Iringa asingeinunua kwenda nayo Mafinga. Enzi ya gari la dukani ilikuwa inafungwa, na Shankland, aliyekuwa mjuzi wake kupita wengi, alifungiwa humo. Viwanda vya Japani na Ulaya vilileta bajeti, helikopta zikafuata, na dereva wa likizo ya Pasaka akawa msindikizaji.

Siasa zikamaliza kilichobaki. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda, Mehta, mzaliwa wa huko, akiwa mmoja wa waliopoteza makazi. Akashinda Safari ya 1973 kwa niaba ya Kenya, kwa alama sawa kabisa na Harry Källström wa Sweden. Kilichomtenga ni kwamba alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Kuanzia 1974 mashindano yakabaki Kenya peke yake, na jina likafupishwa kuwa Safari Rally. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Kijana wa Mbeya aliyezaliwa mwaka huo alikua akidhani Safari ni kitu cha Wakenya tangu mwanzo.

Kusini nako mashindano yasiyo na kikombe yalikuwa yanafikia tamati, ila kwa heri. Bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola kupitia Iringa na Mbeya, lilianza kazi mwaka 1968, na mapipa yakapungua. Lami ikasogea kipande kwa kipande, kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 lori lingeweza kutoka bandarini hadi Tunduma bila kugusa tope. Wachina nao walianza reli ya TAZARA mwaka 1970, kilomita 1,860, wakaikabidhi Julai 1976. Wakati Joginder anashangilia ushindi wake wa tatu Nairobi, ilikuwa imebaki miezi michache tu reli hiyo ikabidhiwe.

Lami ilikuja na misiba yake. Kitonga, Mlima Nyoka, Iwambi na mteremko wa Mbalizi zimeua watu wengi tangu hapo. Udongo ulikuwa unamlazimisha kila mtu kwenda polepole. Dereva wa zamani alifundishwa na barabara yenyewe. Wa sasa anafundishwa na tochi ya trafiki, na tochi haiko kila kona.

Na mbio? Zimerudi Nyanda za Juu Kusini, safari hii zikiwa na vikombe. Mashindano ya taifa, chini ya chama cha wenye magari cha Tanzania, AAT, hufika Iringa, na Ahmed Huwel, dereva mwenye maskani mjini humo, amekuwa kati ya majina makubwa ya mchezo huo nchini. Barabara hufungwa sasa, helmeti ni lazima, na magari ni mashine zilizojengwa kwa kazi hiyo tu. Huwezi kuingia duka lolote pale Miyomboni, Iringa mjini, ukatoka nayo. Umati hujaa vilevile. Kenya nayo iliirudisha Safari katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha, na Sébastien Ogier akashinda. Wenye kupenda magari ya zamani wana Safari Classic yao tangu 2003. Kumbukumbu ya upande wa Shankland, kwa hiyo, ina walinzi wa kutosha: wana vitabu, filamu na makumbusho ya viwanda huko Ulaya.

Upande wa pili hauna. Tangu 2016 boma la Wajerumani pale Iringa mjini ni makumbusho ya mkoa, na limefanya kazi nzuri juu ya Mkwawa na mila za Wahehe. Barabara iliyoulisha mji huo inastahili chumba humo. Dereva aliyekuwa na miaka ishirini na mitano mwaka 1966 sasa amevuka themanini, na wengi wao wamekwisha kwenda. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyeendesha Fiat za Zambia-Tanzania Road Services, au utingo wake, au mama aliyekuwa na hoteli Makambako au Chimala siku zile, mrekodi kwa simu yako wiki hii: jina lake kamili, mwaka alioanza, lori aliloendesha, na wapi alikwama. Kama kuna leseni ya zamani, kitambulisho cha kazi au picha ya lori iliyopigwa njiani, ipigeni nakala muipeleke Boma. Wenye makumbusho hawawezi kuonyesha wasichokuwa nacho.